Mkalimani na Klachi ya Mafuta

Walisema hataliendesha. Watu wengi walilisema hilo, kila mmoja kwa ufundi wake. Karani wa mahakama alisema gari lile litaoza kabla mguu ule haujapona. Mwenye kiwanda cha sukari guru kule Kabras alisema, "Huyo atakuwa analisukuma tu, kama mkokoteni wa miwa." Mkewe mwenyewe, ambaye alimpenda, alisema afadhali waliwekee majani makavu, kwa sababu kuku walikuwa wameshaanza kutaga kwenye kiti cha abiria. Hata mchungaji, mtu asiyependa kumvunja mwenzake moyo, alisema kwa Mungu yote yanawezekana, lakini alikuwa akitazama pembeni.

Mimi nilisema ataliendesha. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu nina diploma. Iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni haketi kabla sijamwonyesha. Niliondoka Kakamega na sanduku la mbao na shati moja la kubadilisha. Nikaosha vyombo vya watu ng'ambo, katika mji ambao mvua yake hainyeshi ikaisha bali huning'inia tu hewani, nikarudi nyumbani mwaka ule bendera ilipobadilishwa, nikiwa fundi wa magari mwenye karatasi. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nasema haya si kwa kujisifu, bali ili msomaji ajue ni nani anayemsimulia.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya mzee ambaye mji mzima ulimwita Mkalimani, hata watoto wake.

Kazi yake ilikuwa mahakamani. Wakati ule hakimu alijua Kiingereza, washtakiwa walijua lugha za kwao, na katikati alisimama yeye, amevaa koti la sufi lenye vifungo vyote hata jua likiwaka kama tanuru. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, na mshtakiwa akisema "mimi", naye husema "mimi". Wakalimani wengine walitamka maneno tu. Yeye alichukua na sauti. Mshtakiwa akikohoa, alikohoa. Bibi mzee akilia kizimbani, Mkalimani alilia kwa Kiingereza, na nasikia Kiingereza chake cha kulia kilikuwa kizuri kuliko kile cha kawaida. Watu waliokuwa hawana kesi walikuja na viazi vyao vya kuchemsha wakakaa kwenye mabenchi ya nyuma kumsikiliza.

Siku moja aliletwa kijana aliyeiba jogoo. Jogoo alikuwa wa Mkalimani mwenyewe, na mlalamikaji alikuwa mkewe. Akatafsiri pande zote mbili. Kwa sauti ya mkewe aliunguruma na kuomba mwizi afungwe. Kwa sauti ya kijana alieleza njaa, baba mgonjwa, na jinsi jogoo huyo alivyomfuata barabarani kwa hiari yake, mpaka hakimu akatoa kitambaa mfukoni na kumwachilia kijana kwa onyo. Jioni mkewe alimuuliza, "Baba Watoto, wewe ulikuwa upande gani?"

"Kila upande," akasema. "Ndiyo maana nimechoka."

Ubaya ni kwamba tabia ile alikwenda nayo nyumbani. Ukimuuliza habari za mke wake, alikujibu kwa sauti ya mke wake. Ukiuliza kama ng'ombe anatoa maziwa, alijibu kama ng'ombe. Nilimfahamu miaka mingi, nikala ugali kwake, nikapigiwa hadithi mpaka mbavu zikauma, na sikuwahi kujua sauti yake hasa ni ipi. Nilipomuuliza mkewe alifikiri kidogo, akasema, "Sijui, shemeji. Alinichumbia kwa sauti ya mchungaji."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa dhaifu, na kila mtu alikuwa amepewa sababu yake. Watoto wa shule waliambiwa nyati. Watu wa kanisani waliambiwa alianguka na baiskeli akiwahi maombi. Karani wa mahakama aliambiwa ni siri ya serikali. Mkewe alinieleza kwamba alianguka kutoka juu ya ghala la mahindi akikimbia nyuki. Baiskeli aliikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, ule wa kushoto ukining'inia kama mgeni aliyepewa lifti, lakini kiatu cha mguu huo ndicho alichokipiga rangi zaidi. Usimsaidie kupanda ngazi. Ukimshika mkono alisimama papo hapo, akawa nguzo, mpaka uachie.

Gari lilitoka Lugari. Mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, mashamba yanagawiwa, na Mkalimani alipelekwa huko kutafsiri siku za mikutano ya ardhi. Watu waligombania matrekta, mapipa na mabati. Gari la spoti halikugombaniwa na mtu. Lilikuwa kuukuu, rangi ya kijani iliyobabuka, paa la turubai, viti viwili tu, na huwezi kutia humo hata gunia moja la mahindi. Mzungu akampa yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyelizunguka akalitazama bila kuuliza linabeba magunia mangapi. Lilivutwa na trekta mpaka Kakamega, yeye akiwa ameshika usukani, akiwapungia watu mkono.

Aliniita siku ya pili. "Wewe Diploma," akasema, kwani hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku niliporudi, "hili gari linanikataa."

Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga klachi, nikaelewa. Klachi ile ilivutwa na kebo, waya mnene unaopita ndani ya ala yake kutoka kwenye pedali mpaka kwenye giaboksi. Ala ilikuwa na kutu, waya umekatika nyuzi, na hata mguu wangu mzima ulisikia uzito kama wa kusukuma ng'ombe aliyelala. Mguu wake yeye haukuweza kuishusha hata nusu. Bila klachi huwezi kuingiza gia. Bila gia una kiti kizuri cha kukalia uani.

"Tafuta dereva," nikamwambia.

Akanitazama sana. Kisha akasema kwa sauti ya hakimu, "Ombi limekataliwa." Halafu kwa sauti ya mtu mwingine nisiyemjua, "Maneno ya watu wote wa wilaya hii yamepita kinywani mwangu, Diploma. Ya wezi na ya waungwana. Nataka kitu kimoja ambacho nitakifanya mimi, na asikifanye mtu kwa niaba yangu."

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama, alidakia bila kuinua macho. "Krismasi ikipita na gari hii inalalanga tu hapa, ni ya kuku. Nimesema."

"Mahakama imesikia," akajibu mumewe.

Hivyo ndivyo shauri lilivyokuwa. Aliendeshe mwenyewe, kwa mguu uleule, kabla ya Krismasi, au kuku.

Hapo ndipo diploma inapotofautiana na spana. Fundi mwingine angetafuta kebo mpya. Mimi nilisema tutoe kebo kabisa, tuweke klachi ya mafuta. Nikaenda hospitali kwa bwana dawa, nikaazima bomba mbili za sindano, moja nyembamba na moja nene, nikaziunganisha kwa mpira mwembamba na kujaza maji. Nikampa Mkalimani ile nyembamba, mimi nikabana kisukumio cha ile nene kwa dole gumba. "Sukuma kwa kidole kidogo," nikasema. Akasukuma. Dole langu likanyanyuliwa, nikashindwa kulizuia, ingawa nilijaribu sana mbele ya watu.

Akasukuma tena. Kisha uso wake ukafunguka.

"Ngoja," akasema. "Huyu mdogo anasema polepole huku, na yule mkubwa anasikia kwa nguvu kule?"

"Ndiyo."

"Na haya maji ya katikati hayaongezi wala hayapunguzi?"

"Ndiyo. Ila hewa isiingie. Hewa ikiingia, unasukuma huku, kule hakusikiki kitu."

"Diploma!" akapiga kelele, majirani wakatoka. "Mimi nimekuwa klachi ya mafuta miaka hii yote, na hakuna aliyeniambia!"

Kutoka siku hiyo hakuna aliyeweza kumzuia. Lakini alikuwa na msimamo wake: hanunui. Alikuwa na mshahara, na duka la vipuri lilikuwa Kisumu, lakini alisema, "Mtu akikuuzia kitu, amekusahau. Akikukopesha, kila usiku anakuombea usife." Basi akaazima. Mwenye kiwanda cha sukari guru, yule wa mkokoteni, alikuwa na pikapu iliyokufa nyuma ya matangi yake, na ndani yake silinda mbili za klachi: ya juu inayosukumwa na pedali, na ya chini inayosukuma wenzo wa giaboksi. "Chukua," alisema, "nataka nione mwisho wake." Paipu ya shaba ilitolewa na mama mmoja wa Shieywe ambaye mahakama ilimfahamu vizuri. Mkalimani alikuwa amemtafsiria mara kadhaa, akiapa kwa sauti yake nyororo kwamba hajui pombe ni kitu gani. Paipu ilikuwa ndefu, safi, imepindwa kwa ustadi mkubwa, na hakuna kati yetu aliyeuliza kabla ya hapo ilikuwa ikifanya kazi gani.

Yakabaki mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hayakuwapo mjini, na Kisumu walisema meli haijafika. Mafuta ya injini hayafai, yanavimbisha mipira ya silinda. Wajuaji walianza kutabasamu. Hapo nikakumbuka mwalimu wangu wa ng'ambo alivyotueleza kwamba zamani, kabla ya makopo ya dukani, mafundi walichanganya mafuta ya mbarika na spiriti. Mbarika! Yale mafuta ambayo kila mtoto wa Kakamega ameshikwa pua akanyweshwa ili tumbo lifunguke. Spiriti ilitoka kwa bwana dawa. Na mafuta bora ya mbarika, yaliyokamuliwa na kuchujwa yakawa mepesi kama machozi, yalikuwa kwa mtu mmoja tu, kule Kabras.

"Nani?" nikauliza.

Mkalimani akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa chake. "Mama mkwe."

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe hapa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima, si ugomvi. Mkalimani akimwona mama yule kwa mbali barabarani, aliingia kwenye shamba la miwa na baiskeli yake akakaa humo mpaka apite. Basi ombi likapelekwa na mkewe, na chupa ikaja na mkewe, imefungwa kwa gunzi la hindi, pamoja na salamu: "Mwambieni mkwe sijawahi kusikia gari lenye tumbo baya, lakini ninalihurumia."

Mji ulicheka wiki nzima. Gari linalokunywa dawa ya kuharisha! Karani wa mahakama alilihama kabisa eneo lililo nyuma ya gari, akasema hataki kuwa hapo siku litakapofunguka.

Nilifunga silinda ya juu mbele ya miguu ya dereva, nikapinda paipu ya mama wa Shieywe pembeni mwa injini, nikatengeneza bamba la chuma la kushikia silinda ya chini kwa mikono hii hii. Ilikuwa kazi nzuri. Ninaisifu kwa sababu aliyestahili kuisifu, mwalimu wangu, yuko mbali. Ikabaki kutoa hewa. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja chini ya gari anafungua skrubu ndogo mafuta na mapovu yatoke, mwingine juu anakanyaga pedali. Lazima wafuatane. Wa chini anasema "Kanyaga", wa juu anakanyaga na kujibu, skrubu inafungwa, wa chini anasema "Achia", wa juu anaachia. Wakipishana, hewa inarudi ndani.

Nililala chali kwenye matope. Uani kulikuwa na umati.

"Kanyaga!" nikasema.

Juu yangu, Mkalimani akawageukia watu, akatangaza kwa sauti yangu, na kwa lafudhi yangu ya ng'ambo ambayo sikujua kwamba ninayo: "Kanyaga! Nasema mimi, mwenye diploma, nikiwa nimelala matopeni!"

Wakaangua kicheko. Pedali haikuguswa.

"Mzee, kanyaga!"

"Mzee, kanyaga! Fundi anasisitiza!"

"Achia basi!" nilisema, kwa hasira, skrubu ikiwa wazi, na wakati huo ndipo alipokanyaga na kuachia pamoja. Nikasikia gari likivuta hewa, *fyuuu*, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Kazi yote ya asubuhi ikaenda. Tukaanza upya, akatafsiri upya. Hakuwa anafanya mzaha, maskini. Maisha yake yote alikuwa amesimama katikati ya watu wawili wanaosemezana, na amri ikimfikia, kinywa kilitangulia mguu.

Mwishoni nilitoka chini ya gari, nikajifuta uso, nikamwambia, "Sikiliza, mzee. Leo wewe si mkalimani. Leo wewe ndiye shahidi. Ukiulizwa, unajibu neno moja, basi."

Akavua koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akalikunja, akalipa mke wake. Akakaa.

"Kanyaga."

"Tayari."

"Achia."

"Tayari."

Tukaendelea hivyo mpaka mapovu yakakoma, mafuta ya mbarika yakatoka mazima, na pedali ikawa ngumu pale inapotakiwa kuwa ngumu na laini pale inapotakiwa kuwa laini. Injini ikawaka. Akakanyaga kwa mguu wa kushoto, kiatu kikiwaka rangi. Gia ikaingia bila kelele. Gari likatoka uani polepole, kuku wakiruka huku na huku, na mkewe akapiga kigelegele akiwa bado amebeba koti. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi.

Baada ya sikukuu akaanza kulipa. Kwake yeye malipo ya kuazima yalikuwa kupandishwa gari, na yeye mwenyewe akiwa dereva. Bwana dawa alipelekwa mpaka msituni na kurudi, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mama wa Shieywe alipitishwa taratibu mbele ya kituo cha polisi, akipunga mkono kama mke wa gavana. Mwenye kiwanda aliketi amekunja mikono, na waliporudi akasema tu, "Mkokoteni wangu hauna starehe hii," akaenda zake.

Akabaki mama mkwe. Mji mzima ulijua kwamba hilo halilipiki. Viti viwili, bega kwa bega, mtu na mkwewe? Ikashauriwa apelekewe kondoo. Mama alikuwa Kakamega siku hizo, kwa mwanawe wa kiume, akakataa kondoo. Nikajitolea kumwendesha mimi. Akaleta jibu: "Sikumkopesha Diploma."

Ni mkewe Mkalimani aliyepata dawa. Alitoa shuka jeupe la kitandani, akalifunga kwenye mbao za paa la turubai, likaanguka katikati ya viti mpaka chini. Huku dereva, huku mama. Na kwa kuwa hata hivyo hawawezi kuwa wawili peke yao, alihitajika mtu wa tatu. Mimi, mwenye diploma, nilikunjwa nyuma ya viti kama gunia la mahindi, magoti masikioni. Kwa hiyo gari lile lilibeba gunia pia, na Lugari wajue.

Tukashika njia ya Kabras. Watu walitoka madukani kutazama shuka likipita. Tulipomaliza mji, mama akasalimia kwa lugha ya kwetu, akitazama mbele, "Wewe gari, mulembe."

Mkalimani akashtuka. Kisha akajibu kwa sauti nzito ya injini, "Mulembe, mama. Mimi gari, nimefurahi."

"Usikimbie sana. Mafuta yangu yasimwagike."

"Mimi gari, nimesikia."

Wakaenda hivyo, mama akilisemesha gari, gari likimjibu kwa adabu, nami nyuma nikijiuma midomo nisicheke. Karibu na Malava, kwenye mlima, mkokoteni wa miwa ulikuwa umekwama katikati ya njia, fahali wamegoma. Tulisimama pale mlimani, naye Mkalimani akashikilia klachi kwa mguu, akiisogeza kidogo, akiibana tena, gari lisirudi nyuma wala lisizimike. Wale fahali hawakuwa na haraka. Nilikuwa nyuma yake, nikaona goti la kushoto likianza kutetemeka, jasho likishuka kwenye kola. Nilitaka kumwambia apumzishe mguu, avute breki ya mkono. Sikusema. Ungemshika mkono angekuwa nguzo.

Nyuma ya shuka, mama alikuwa anasikiliza pumzi. "Wewe gari," akasema polepole, "mguu wako unauma?"

"Mimi gari sina mguu, mama," likasema gari.

Fahali wakaondoka. Tukapanda.

Kwenye lango lake, mama alishuka kwa msaada wangu. Akasimama ametupa mgongo, kama inavyopasa, akarekebisha kitambaa kichwani.

"Gari, nimelipwa," akasema. "Lakini kuna swali nilikuuliza njiani, na hukulijibu vizuri."

Injini ilikuwa imezimwa. Nilisubiri kikohozi, sauti ya hakimu, sauti ya ng'ombe. Kisha nyuma ya shuka kukatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu anayetumia kitu kilichokaa muda mrefu kabatini.

"Unauma, mama. Ila leo umefika."

Mama alitikisa kichwa kukubali, bado ametupa mgongo. "Nitampa binti yangu chupa nyingine. Hiyo ni ya kuukanda, si ya gari." Akaenda zake kati ya migomba.

Kwa hiyo siku aliyomaliza kumlipa kila aliyemkopesha, kabla injini haijapoa, alikuwa ameshakopa tena. Nilimngoja aliseme hilo kwa sauti ya mtu fulani. Alilifungua shuka taratibu, akalikunja, akaliweka magotini.

"Diploma," akasema, kwa ile sauti nyembamba, "hamia mbele."